UZI: Unakwenda New York? Beba darubini, pitia Central Park uone ndege

Kigotago (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Nyuzi za Marekani humu jukwaani ni viza, grini kadi na namna ya kupata kazi ya kuendesha malori. Leo tupumzike kidogo. Nilikwenda New York mwezi wa tano kumsalimia dada yangu, na asubuhi nyingi za safari ile ziliishia Central Park nikiangalia ndege. Mimi ni mwongoza watalii hapa Arusha, ndege ndio wanaonilisha, kwa hiyo naandika kama mtu wa kazi, sio kama aliyekwenda kupiga selfi na kindi.

Niseme la msingi kabla wengine hamjaondoka. Ukitaka kuona ndege wengi kwa saa mbili tatu, bila gari, bila kiingilio, bila kutoka mjini, bustani ile katika msimu wake ni miongoni mwa sehemu bora nilizowahi kusimama. Na sababu sio uzuri wa msitu wake. Sababu ni zege.

Ndege wadogo wanaohama kule husafiri usiku. Wakati wa majira ya kuchipua wanatoka Amerika ya Kusini, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, wanapanda na pwani ya Atlantiki kwenda kuzaliana kaskazini mpaka Kanada. Alfajiri ikiwakutia juu ya New York, wamechoka na wana njaa, chini wanaona mapaa, lami na vioo, halafu katikati mstatili mmoja wa kijani wenye ekari 843, karibu hekta 341. Watatua wapi tena? Porini wangetawanyika kilomita na kilomita, ungewatafuta mpaka ukate tamaa. Pale wote wanashukia miti ileile, mchana kutwa wanakula wadudu ili usiku waondoke.

Sisi huku tunamfuata ndege alipo. Kule ndege hana pa kukukimbilia.

Cha ajabu, hicho kijani chenyewe ni cha kutengenezwa. Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux ndio waliochora ramani yake mwaka 1858. Maziwa yamechimbwa, vilima vimepangwa, miamba imepasuliwa kwa baruti, miti imepandwa. Kipande kinachoitwa the Ramble, ambacho ukiingia unadhani ni msitu wa asili wenye vijito na vichochoro, nacho ni kazi ya mikono. Ndege hawaulizi nani kapanda mti. Wamerekodiwa aina zaidi ya 200 humo ndani.

Nitaendelea. Maswali karibuni.

Mzee wa Kona Bar

Mkuu umekata tiketi, umekaa ndegeni zaidi ya saa kumi na tano, umefika Marekani, ukaenda kuangalia shomoro? Hela zenu zina kazi.

Kigotago

Shomoro nao niliwaona, tena ni hawahawa tulionao mjini. Kule waliletwa kutoka Ulaya, wakaachiwa Brooklyn mwanzoni mwa miaka ya 1850. Karibu kiti, mzee, soda ni juu yako.

Dada wa Kinondoni

Naomba muendelezo kaka. Mimi nakwenda mwaka kesho kwenye mahafali ya mdogo wangu, nitakuwa na asubuhi za bure. Sijawahi kushika darubini. Nianzie wapi, na usalama ukoje kwa mwanamke peke yake kule kichakani?

Kigotago

Dada, mahafali ya vyuo vingi kule huwa mwezi wa tano, yaani umeangukia palepale. Wiki mbili za kwanza za Mei ndizo zenye kishindo. Ukikosa Mei, Septemba hadi Oktoba wanarudi kusini, ila wakati huo wengi wamevaa manyoya yaliyofifia, utawachanganya.

Njia rahisi ni kushuka treni ya chini kituo cha 81st Street, kile cha jumba la makumbusho ya historia ya asili, upande wa magharibi. Ukivuka barabara umeshaingia bustanini. Bustani inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Fika mapema, sio kwa sababu ya joto kama huku kwetu, ni kwa sababu ndege waliotua alfajiri wana njaa na hawatulii. Baada ya saa nne wanatulia, na watu wenye mbwa na baiskeli wanajaa.

Unashuka kuelekea the Ramble, ipo kati ya mtaa wa 73 na wa 79 hivi. Utapotea. Kila mtu hupotea mle. Dawa yake ni nguzo za taa. Kila nguzo ina kibao chenye tarakimu nne. Mbili za kwanza ni namba ya mtaa ulio karibu, na tarakimu ya mwisho ikiwa shufwa uko upande wa mashariki, ikiwa witiri uko magharibi. Ukiona 7422 ujue uko usawa wa mtaa wa 74, mashariki. Hili wenyeji wengi tu hawalijui, nilimwonyesha shemeji yangu aliyeishi pale miaka na miaka akabaki kucheka.

Usalama: asubuhi ya Mei mle ndani kuna watu wa darubini kila kona, wengi wao akina mama na wazee. Simama walipo. Wakitazama juu, tazama juu. Hakuna atakayekuuliza umetoka wapi, watakuuliza umeona nini.

Darubini: chukua 8x42 au 8x32. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wauzaji watakusukumia 10x au 12x ukidhani kubwa ndio bora. Kwenye miti minene ukuzaji mkubwa unakupa dirisha dogo na mkono ukitikisika kidogo tu ndege kapotea.

Na simu yako iwe na programu ya Merlin, ya maabara ya ndege ya chuo kikuu cha Cornell. Ni ya bure. Unaipa sauti inayosikika, inakuandikia jina. Inakosea wakati mwingine, hasa pale ndege wanaoigana sauti wanapoanza vituko vyao, kwa hiyo ikikwambia jina, mtafute kwa macho kabla hujashangilia.

Mswahili wa Minneapolis

Nathibitisha. Ongezea na BirdCast, tovuti ya watu haohao wa Cornell na wenzao. Inatumia rada za hali ya hewa kukuonyesha usiku ule ndege wangapi wako angani juu ya eneo lako. Upepo wa kusini ukivuma usiku wa Mei, kesho yake usilale. Na mvua ikinyesha kabla ya kupambazuka ndio kabisa, inawashusha wote kwa mpigo.

Kigotago

Asante sana mkuu. Asubuhi moja ilikuwa hivyo hasa. Mvua ilikatika alfajiri, mwaloni mmoja karibu na kibwawa cha Azalea Pond ulikuwa na ndege kila tawi.

Sasa nizungumzie hawa wobla, maana ndio watu wanaowafuata. Ni ndege wadogo wa gramu kumi hivi, wana rangi kama kitenge: njano na nyeusi, buluu na nyeupe, mmoja koo lake ni la rangi ya machungwa kama kaa la moto. Hao wa koo la moto wanapenda vileleni, dakika kumi shingo inakaza mpaka mabegani. Mwingine mweupe na mweusi, mistari kama pundamilia, huyu anatambaa kwenye gome la mti, yeye ni mwema kwa wanaoanza kwa sababu anashuka chini usawa wa macho.

Aliyeniondolea usingizi ni mmoja anayeitwa blackpoll. Kofia nyeusi, mashavu meupe, sauti nyembamba kama tairi inayovuja upepo. Mwenyewe ana gramu kumi na mbili. Watafiti walimfunga vifaa vidogo vya kufuatilia mwendo, wakatangaza mwaka 2015 kwamba msimu wa kurudi kusini anaruka juu ya bahari ya Atlantiki siku mbili hadi tatu bila kutua popote, zaidi ya kilomita 2,000. Nikamwangalia akinyofoa kiwavi kwenye jani, nyuma yake honi za teksi.

Wengine wa kutafuta: kadinali dume, mwekundu mwili mzima na kishungi, huyu yupo mwaka wote. Jei wa buluu, mwizi na mpiga kelele, ana tabia zote za ukoo wa kunguru. Tanaja mwekundu mwenye mabawa meusi. Vigotago vya aina kadhaa, mwanajukwaa mwenye jina langu hawezi kuviacha. Na ndege mvumaji, gramu tatu tu, ambaye wengi wa kabila lake huvuka Ghuba ya Meksiko kwa mruko mmoja.

Mtu wa Kilindini

Kwa hiyo hakuna ndege wa kwetu hata mmoja? Mbayuwayu si wanatoka huko kuja kwetu?

Kigotago

Mbayuwayu wa kule na wa kwetu ni aina moja, lakini sio walewale. Wanaokuja Mombasa na Arusha wakati wa baridi ya Ulaya wanatoka Ulaya na Asia. Wa Marekani hushuka Amerika ya Kati na Kusini.

Wa kufanana wapo. Kwenye ziwa lile kubwa nilimwona yangeyange mkubwa yuleyule wa mabwawa ya kwetu. Jioni anatoka korongo wa usiku, mgongo mweusi, jicho jekundu, aina ileile unayoikuta huku. Njiwa wa mjini ndio hao hao wa Posta.

Halafu kuna kwezi wa Ulaya, na hapa watu wa pwani mtanielewa haraka. Mwaka 1890 bwana mmoja anaitwa Eugene Schieffelin aliachia kwezi 60 ndani ya Central Park, mwaka uliofuata akaachia 40. Kuna hadithi kwamba alitaka kila ndege aliyetajwa na Shakespeare awepo Marekani, lakini waliochunguza wanasema hadithi hiyo haina ushahidi, na kuna wengine walioachia kwezi sehemu nyingine kabla yake. Vyovyote iwavyo, leo kwezi hao ni makumi ya mamilioni Amerika ya Kaskazini nzima. Wanapora matundu ya vigotago, wanashambulia mashamba.

Sasa muongo uleule wa 1890, Zanzibar waliletewa kunguru kutoka India ili wasafishe taka.

Mtu wa Kilindini

Aisee! Hao ndio wanaotunyang'anya samaki Marikiti. Walivuka bahari wakaja huku kwetu, sasa ukila nje unakula na wao.

Kigotago

Na kuna uzi mwingine unaoziunganisha hizo habari mbili. Ile sumu ya DRC-1339 iliyotumika kupunguza kunguru Zanzibar na Dar, na ambayo Kenya nao walitangaza kuitumia, ilibuniwa Marekani kwa ajili ya kwezi. Ndiyo maana jina lake la biashara ni Starlicide, kwa kuwa kwezi kwa Kiingereza ni starling. Kosa lao na kosa letu, dawa moja.

Mpole wa Kigamboni

Nauliza la uzito kidogo. Sisi weusi tukisimama kichakani na darubini kwenye mji wa watu, si ni kuitiwa polisi? Nilisikia habari moja.

Kigotago

Habari hiyo ni ya kweli na ilitokea palepale the Ramble. Tarehe 25 Mei 2020, Christian Cooper, Mmarekani mweusi na mwangalizi wa ndege wa miaka mingi, alimwomba mwanamke mmoja mzungu amfunge mbwa wake kamba, kama kanuni ya eneo lile inavyotaka. Sababu yake ni ya kindege kabisa: mbwa huru anavuruga vichaka vya chini, na kuna ndege wanaokula ardhini. Yule mama akapiga simu polisi akisema mtu mweusi anatishia maisha yake. Cooper alikuwa anarekodi kwa simu, video ikazunguka dunia. Siku hiyohiyo ndiyo George Floyd aliyouawa Minneapolis.

Wiki haikuisha, vijana weusi wanasayansi na waangalizi wa ndege wakaanzisha mtandaoni wiki ya waangalizi wa ndege weusi, na imeendelea kila mwaka. Cooper mwenyewe baadaye akapata kipindi cha televisheni cha ndege.

Mimi binafsi sikusumbuliwa. Lakini sitakudanganya kwamba sikuwaza. Nilikaa kwenye njia, sikujipenyeza vichakani, jambo ambalo kwanza ndio adabu ya kazi hii. Darubini naivaa shingoni ionekane toka mbali. Na ukiwa upande wa Fifth Avenue, tafadhali usielekeze darubini kwenye maghorofa, mle wanakaa matajiri na madirisha yao hayana mapazia.

Isipokuwa zamani, ukisema unamtafuta Pale Male, hapo ulikuwa unasamehewa.

Dada wa Kinondoni

Pale Male ndiye nani tena?

Kigotago

Mwewe mwenye mkia mwekundu, dume mweupe kupita wenzake. Kuanzia miaka ya 1990 alijenga kiota kwenye ukingo wa dirisha la ghorofa namba 927 Fifth Avenue, nyumba ya watu wazito kwelikweli, akawa anakamata panya na njiwa bustanini na kuwapelekea makinda. Watu walikuwa wanaweka viti na darubini za miguu mitatu chini, karibu na kile kibwawa cha mashua za kuchezea, kutazama familia ya mwewe kama tamthilia. Desemba 2004 wenye jengo wakakibomoa kiota. Jiji likawaka. Watu wakaandamana barabarani na mabango, baridi ile, kwa ajili ya mwewe! Kabla mwezi haujaisha jengo likasalimu amri, wakamwekea vyuma vya kushikilia kiota upya.

Nikiwasimulia wenzangu wa kazi hapa Arusha wanasema nawafunga kamba.

Baadaye akaja Flaco. Huyu alikuwa bundi mkubwa wa Ulaya na Asia, amekaa kizimbani kwenye bustani ya wanyama iliyo humohumo Central Park. Februari 2023 mtu asiyejulikana alikata wavu usiku, bundi akatoka. Wote walidhani atakufa njaa, hajawahi kuwinda. Akajifunza panya. Aliishi huru mwaka mzima, akitua kwenye matangi ya maji juu ya mapaa na kuunguruma usiku. Februari 2024 akakutwa chini uani mwa jengo la mtaa wa 89 magharibi, amejigonga. Uchunguzi ukakuta mwilini sumu ya panya nyingi pamoja na virusi kutoka kwa njiwa. Chakula kilichomweka hai ndicho kilichokuwa kinamuua.

Mswahili wa Minneapolis

Hapo kwenye kujigonga pazungumzwe. Watu wa NYC Bird Alliance, zamani wakiitwa NYC Audubon, wanakadiria ndege kati ya 90,000 na 230,000 wanakufa kila mwaka New York peke yake kwa kugonga vioo.

Kigotago

Ndiyo sababu sikutaka kusifia zege kupita kiasi. Linawakusanya na linawaua. Kioo kinaakisi mti, ndege anauona mti. Kuna watu wa kujitolea wanaozunguka alfajiri chini ya maghorofa kuokota waliokufa na kuwapeleka hospitali walio hai, ndiyo, hospitali ya ndege, ipo upande wa magharibi wa jiji. Mwaka 2019 baraza la jiji lilipitisha sheria kwamba majengo mapya yawekwe vioo ambavyo ndege anaviona, ikaanza kazi 2021. Na zile taa mbili za kumbukumbu ya Septemba 11, zinazopanda juu angani, huzimwa kwa dakika 20 ndege wakizidi humo ndani, kwa sababu mwanga unawazungusha hadi wachoke.

Niseme na la kwetu. Minara ya vioo inayopanda Posta na Upanga sijasikia mtu akiihesabia ndege hata mmoja. Walinzi wa asubuhi wanaofagia chini wangetuambia mengi.

Msafiri wa Eastleigh

Boss, umesahau Nairobi? Nature Kenya wana matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi, mnakutana makumbusho, tangu miaka ya 70. Hauhitaji viza.

Kigotago

Sijasahau, nimewahi kuja! Mwenye kutaka kujinoa kabla ya New York aanzie hapo, au City Park yenu. Ukishazoea kumtafuta ndege kwenye mti wa Nairobi, wa Marekani hawakusumbui, wana aibu kidogo zaidi tu.

Mzee wa Kona Bar

Nimesoma mpaka chini, nikiri utamu. Mimi nina safari ya kikazi New York, lakini ni Januari. Kuna ndege au nikae hotelini?

Kigotago

Mzee umekuja! Januari sijafika mimi, ila wenyeji niliosimama nao waliniambia uende kwenye lile bwawa kubwa la katikati, Reservoir. Njia yake ya kuzunguka ni kilomita mbili na nusu, tambarare, na kanuni ni kwenda kinyume cha saa, ukigeuza mwelekeo wakimbiaji watakupamia. Wakati wa baridi linajaa bata wa kaskazini. Tafuta wenye mdomo mpana kama koleo, ni aina ileile inayokuja mabwawa ya Bonde la Ufa kipindi hichohicho. Huzunguka duara kwa kundi, vichwa majini, kuvuruga maji chakula kipande juu. Kisha ingia the Ramble sehemu inaitwa Evodia Field, huwa kuna vyombo vya mbegu vimetundikwa, utakuta kadinali, vigotago na jei wanagombania. Majani hayapo, kwa hiyo unawaona wote.

Glavu ziwe za vidole vinavyofunguka, vinginevyo hutazungusha gurudumu la darubini.

Mzee wa Kona Bar

Darubini sina.

Kigotago

Nipo Arusha mpaka Krismasi. Ukipita, ninayo ya zamani ya 8x32, nitakuazima. Irudi.